Taslim na Hewa ya Mbeya

Kama umewahi kununua bawaba, kufuli au rangi ya bati pale Mbeya mjini, basi huenda umehudumiwa na Taslim binti Gulam. Utakuwa unamkumbuka. Ni yule dada mrefu, mwenye sweta la kijani, ambaye ukiwa bado unafikiria ukubwa wa skrubu unazotaka, yeye huanza kuzungusha mkono wa kulia juu ya bega kama anayefukuza nzi. Wasiomjua humpa pole ya maumivu ya bega. Wanaomjua wanamwacha, maana wanajua mwili uko dukani lakini mkono uko mchezoni.

Mchezo wenyewe ni badminton. Nyuma ya maduka kuna ukumbi wa jumuiya yao, wenye sakafu ya mbao na madirisha ya juu, na humo bibi yake, Fatmabai, alicheza enzi hizo akiwa na gauni la mikono mirefu na viatu vya kanisani alivyoazima kwa jirani Mnyakyusa. Taslim alishika raketi akiwa na miaka saba, raketi ikimzidi mguu. Leo ana thelathini na tisa. Hajaolewa, wala hana haraka, na ukimchokoza kwa habari za ndoa atakuuliza kwa upole kabisa unataka bawaba za inchi ngapi.

Nyanda za Juu nzima hakuna mwanamke wa kumfunga. Iringa wanaye Vaishali, wa duka la vitambaa, naye ni mkali kwelikweli. Kila mwaka timu ya Iringa huja Mbeya, na kila mwaka husimama Chimala kununua mchele na kula, kwa hiyo hufika wamechelewa na wameshiba. Taslim humfunga Vaishali, Vaishali hununa kwa muda wa kutosha, halafu hao wawili hukaa pamoja kwenye ngazi za ukumbi wakiwasema wachezaji wengine wote.

Shida ilikuwa nje ya milima. Dar es Salaam alifungwa raundi ya kwanza. Mombasa, raundi ya kwanza. Maputo alikwenda kwa mbwembwe, na begi jipya, akafungwa raundi ya kwanza hata kabla begi halijapata vumbi.

Mara ya kwanza kabisa ilikuwa Dar, akiwa na miaka kumi na tisa. Alifungwa vibaya, akakaa kwenye ngazi akilia kwa kwikwi. Baba yake, Gulam, mtu asiyejua kumbembeleza hata mteja, alichuchumaa mbele yake, akakohoa, akasema, "Sio wewe, mwanangu. Ni hewa."

Na hapo usimcheke haraka, kwa sababu hakuwa anatunga. Huku juu hewa ni nyepesi, na kinyoya cha badminton, kile kikombe kidogo cha manyoya chenye kizibo chini, hukimbia kama kimetumwa. Ukikipiga kwa nguvu kinatoka nje ya mstari. Ukikipeleka pwani, kwenye joto na hewa nzito, kinadondoka katikati ya safari. Watu wa Mbeya walishapata dawa yao zamani. Vinyoya vyao hununuliwa Dar, vimetengenezwa kwa hewa ya Dar, kwa hiyo kabla ya kuanzisha mchezo mtu huzikunja ncha za manyoya kidogo kwa nje, ili kinyoya kishike upepo na kupunguza mbio. Fatmabai ndiye aliyemfundisha mjukuu wake, kwa dole gumba na kidole cha shahada, vilevile anavyobana ukingo wa sambusa. Iringa nako hufanya hivyohivyo. Baada ya miaka yote hiyo vidole vya Taslim havikuwa vinasubiri ruhusa ya kichwa. Kinyoya kikiingia mkononi, kimekunjwa, hata kule pwani, na hakuna mwamuzi aliyewahi kuliona.

Basi ile hewa ikawa ya familia. Akirudi kutoka safari, kabla hajaweka begi chini, watu walishamsaidia kusema: hewa ya Dar hiyo, hewa ya Mombasa hiyo, ungewapata huku ungewaonyesha. Taslim alikuwa anaitikia kwa kichwa, na moyo unatulia. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumpa pole ya namna hiyo, rafiki yake Tusajigwe, mwalimu wa sekondari kule Uyole, mtoto wa wakulima wa viazi vya mlimani, ambaye ndiye aliyekuwa akicheza naye kila jioni. Yeye akisikia habari ya hewa hufunga kamba za viatu.

Halafu ikaja habari iliyoufurahisha mji mzima: mashindano ya kimataifa ya mwaka ule yatachezwa Mbeya, kwenye ukumbi mpya wa chuo, na upande wa mchezaji mmojammoja wanawake, wenyeji wamepewa nafasi moja. Nafasi ikawa ya Taslim, hata Vaishali hakubisha. Gulam aliwatangazia wateja. Fatmabai alianza kuchagua kitenge cha kuvaa miezi mitatu kabla. Mtu pekee aliyekosa raha alikuwa mwenye nafasi.

"Ugwe, wewe, una nini?" Tusajigwe alimuuliza jioni moja wakikunja wavu. "Unacheza kama unadaiwa."

Taslim aliangalia mlangoni kama kuna anayesikiliza. "Nikifungwa hapa," alisema, "nitasema nini?"

Tusajigwe alielewa, kwa hiyo hakucheka. Miaka ishirini Taslim alikuwa amejificha nyuma ya hewa ya watu, na sasa watu wanakuja kwenye hewa yake. Akishinda, amethibitisha. Akishindwa, basi haikuwahi kuwa hewa. Ilikuwa yeye siku zote, na mji mzima umeitikia uongo.

Droo ilipotoka, alipangiwa binti wa Mauritius, mwenye umri mdogo, miguu mirefu na adabu nyingi. Mbeya ikafurahi tena. Mtu wa kisiwani, walisema, mtu wa bahari, huyo atavipiga vinyoya vyote mpaka Mbalizi, nje ya mji. Kumbe binti hakuwa mjinga. Alikuwa ameweka kambi Iringa wiki kadhaa, kila asubuhi anapanda jiwe la Gangilonga mpaka mapafu yake yakazoea, na jioni anafanya mazoezi na mwanamke mmoja wa duka la vitambaa.

"Wewe Vaishali," Taslim alimwambia walipokutana mlangoni siku ya mchezo, "yaani umenifundishia adui."

"Nimemfundisha kupika ugali pia," alisema Vaishali bila haya hata kidogo. "Nitakaa katikati. Nitampigia makofi atakayecheza vizuri."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Mbeya haina utani. Watazamaji walikaa na mablanketi. Fatmabai aliwekwa mstari wa mbele, kitenge juu, sweta chini, soksi mbili. Gulam alikaa dakika chache tu, kisha akasema anakwenda kuangalia gari. Gari lilikuwa halina tatizo lolote, ila yeye hawezi kumtazama mwanawe akicheza. Tusajigwe alikaa kwenye kiti cha kocha, jezi ya michezo ya shule ikiwa juu ya sketi ya kazini.

Seti ya kwanza ilianza na mambo yakaenda mrama kuanzia hapohapo. Kila kinyoya alichopiga Taslim kilidondoka katikati ya uwanja, laini na juu, mahali ambapo hata bibi yake angekiua kwa pigo moja. Binti wa Mauritius alikiua. Naye alipopiga vya kwake kwa nguvu, mji mzima ukavuta pumzi kungoja vitoke nje, na havikutoka. Viliangukia ndani, karibu na mstari, kimoja baada ya kingine. Mbalizi haikupata hata kimoja.

Katikati ya seti mwamuzi, mwanamama wa Lusaka mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, alisimamisha mchezo. Akamwita Taslim, akakichukua kile kinyoya, akaangalia manyoya yake, kisha akainua kadi ya njano. Kubadilisha umbo la kinyoya wakati wa mchezo ni kosa.

Ukumbini watu waliangaliana, si kwa aibu bali kwa kutoelewa. Nusu ya waliokuwamo ni wachezaji, na katika maisha yao hawakuwahi kujua kwamba lile ni kosa.

"Kadi ya nini?" Fatmabai aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Kwani kafanya nini?"

Taslim aliomba radhi. Alimaanisha kabisa. Akarudi, akacheza, akapata pointi, akapewa kinyoya aanzishe, na vidole vyake, ambavyo havikusikia mazungumzo yale, vikabana ncha mbili kwa nje kabla hajapumua. Safari hii kadi ilikuwa nyekundu na pointi ikaenda kwa mgeni. Muda si mrefu seti nayo ikaenda.

Alikwenda pembeni uso ukiwa umemshuka. Tusajigwe alikuwa amekwishaokota kinyoya kimoja kati ya vile vilivyotupwa kwenye boksi, anakigeuzageuza kama anayekagua kiazi cha mbegu.

"Umewahi kukiangalia hiki?" aliuliza.

"Ni kinyoya."

"Ni kinyoya cha polepole. Wameleta vya miji ya juu, vimetengenezwa hivyo huko huko kiwandani. Nimeambiwa sasa hivi, jana walivipima hapahapa, wewe ulikuwa dukani unauza rangi. Havikimbii, Taslim. Viko sawa kama vilivyo. Wewe unakichukua kinyoya ambacho kimeshapunguzwa mbio, unakipunguza tena, halafu unabana mkono. Kitafika wapi?"

Taslim alikaa na maji mdomoni. Alipoyameza alisema taratibu, "Kwa hiyo hewa haipo."

"Hewa ipo, tunaivuta. Kwenye mchezo ndio haipo."

"Basi ananifunga mimi."

"Anakufunga wewe, ndiyo," alisema Tusajigwe, "kwa sababu hujaanza kucheza. Lete mkono."

Alitoa plasta ya huduma ya kwanza aliyoibeba kutoka shuleni, akaikata kwa meno, akaviringisha dole gumba la rafiki yake, kisha kidole cha shahada, mara mbilimbili, mpaka vikawa vinene na bubu. Akamwambia ashike kinyoya. Taslim akashika. Hakuhisi unyoya, hakuhisi ncha, alihisi kitu tu.

"Sasa nenda kapige kwa mkono wote," alisema Tusajigwe. "Kikitoka nje, kitoke."

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo wasiocheza huenda wasilione. Taslim alikuwa hajawahi kupiga kwa mkono wote. Mbeya ukipiga hivyo unakosa, kwa hiyo tangu utotoni alijifunza kubana, kuchezea kwa kiganja, kudondosha karibu na wavu. Na pwani, ambako angeweza kufungua bega, hakuwahi kujaribu, kwa sababu alikuwa anashuka kwenye basi akiwa na sababu ya kufungwa tayari mfukoni. Kinyoya cha kwanza cha seti ya pili kilipomjia juu, alinyoosha bega, akafumba jicho moja kama mtoto anayechomwa sindano, akapiga. Kilikwenda, kikapita kichwa cha mgeni, kikaendelea kwenda, na Taslim akajua kimetoka. Kikaangukia ndani ya mstari wa nyuma.

Alisimama akikiangalia. Alijisikia kama mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya dari fupi, ametoka uani kwa mara ya kwanza na kusimama wima. Kisha akacheka, peke yake, katikati ya uwanja, na binti wa Mauritius, ambaye kwa kweli alikuwa mtoto mzuri, akacheka naye bila kujua wanacheka nini.

Seti ya pili aliichukua Taslim. Alipiga mbali, halafu akadondosha karibu, kwa ule mkono laini wa Mbeya ambao sasa ulikuwa na mwenzake. Mgeni alikimbia nyuma, akakimbia mbele, akaanza kushika kiuno. Vaishali kule katikati alipiga makofi mpaka bangili zikamwacha hoi, na hakusema anampigia nani.

Seti ya tatu ilikuwa ya shida. Ujana ni ujana. Binti alirudi kutoka kwenye kiti kama aliyelala usiku mzima, Taslim alirudi na magoti mawili yanayolalamika kila moja kwa lugha yake. Walifukuzana pointi kwa pointi. Kila Taslim aliposhika kinyoya aanzishe, Fatmabai alijikohoza mstari wa mbele, kikohozi kirefu chenye maana, na baada ya muda mstari wote wa mbele ukawa unajikohoza. Mwamuzi akaomba ukimya. Akaomba tena. Mwisho akamwangalia bibi kwa juu ya miwani, na bibi akamwangalia yeye, wakaelewana kama wanavyoelewana wanawake wazima.

Walifika mahali ambapo Taslim alihitaji pointi moja. Jasho lilikuwa limeilegeza plasta, na alipopewa kinyoya, ile ya dole gumba ikateleza na kubaki ikining'inia. Alihisi unyoya. Alihisi ncha yake, kavu na nyembamba, inaita kabisa. Kukunja kungekuwa kadi nyingine, pointi ya bure, na pengine mchezo wenyewe. Lakini hakuwa akifikiria kadi. Alikuwa anafikiria kwamba kinyoya hiki kiko sawa kama kilivyo, na kwamba hakuna kitu kati yake na yule binti isipokuwa wavu. Safari hii hata bibi hakukohoa.

Alianzisha bila kukikunja. Walipigana muda mrefu, nyuma na mbele, kushoto na kulia, mpaka watu wakasahau kuvuta mablanketi. Kisha mgeni, akiwa amechoka, akainua kimoja kifupi. Taslim aliruka, na magoti yake yakamsamehe kwa mara moja, akakishindilia chini kwa mkono wote kwenye kona ya mstari. Mwamuzi wa mstari alinyoosha mkono kuonyesha kimeingia. Ukumbi ukapasuka kwa kelele, na Fatmabai akatupa blanketi lake kwa mtu asiyemjua.

Taslim alipeana mkono na mwenzake kwenye wavu. Binti alimwambia kwa Kiingereza kwamba hajawahi kucheza na mtu anayebadilika namna ile katikati ya mchezo. Taslim akamshukuru, akakumbatiwa na Tusajigwe, akabebwabebwa na watu wa Iringa na wa Mbeya kwa pamoja, kisha akaponyoka na kwenda nje kumtafuta baba yake.

Gulam alikuwa ameegemea gari, chupa ya chai mkononi. Alikuwa amesikia kelele na alikuwa ameshalia, akajifuta, akajipanga.

"Nilikuambia," alisema, uso wote unang'aa. "Miaka yote nilikuambia. Hewa ya nyumbani hiyo, mwanangu. Imekubeba."

Taslim alikuwa amekuja akicheka, na hapo ndipo furaha yake ilipokutana na kitu kingine. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, kama siku zote.

"Baba," alisema, "leo hapakuwa na hewa. Vinyoya walivyoleta vimetengenezwa kwa ajili ya huku juu. Vinakwenda sawasawa. Tulicheza tu, mimi na yule."

Gulam ni mfanyabiashara, hesabu za namna hii hazimchukui muda. Kama leo alishinda bila hewa, basi angeweza kushinda hata kule pwani. Taslim naye alikuwa ameshafika hapohapo, na machozi yakamtoka pale pale kwenye maegesho. Hakuwa anamlilia Taslim wa leo, aliyeshinda. Alikuwa anamlilia yule binti wa miaka kumi na tisa kwenye ngazi za Dar, aliyeambiwa sio yeye, akaamini, akarudi nyumbani bila kujifunza kunyoosha mkono.

"Ulikuwa unalia," alisema Gulam. "Sikujua la kusema. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia amenizidi."

"Kwa mtoto anayelia?"

Taslim alimwangalia baba yake, na koti lake lililofungwa vifungo vibaya kwa wasiwasi, na akaona kwamba hata leo asingeweza kulisema. Akajifuta kwa mkono wa sweta, akaanza kucheka, na Gulam, aliyekuwa akingoja ruhusa, akacheka naye kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Tusajigwe alitoka ukumbini akitembea haraka. Alikuwa ametoka kuangalia nani anakutana na nani kesho, na sura yake ilikuwa ya mtu anayekwenda kumpa mzazi matokeo ya mtihani.

"Umepangwa na bingwa wa mwaka jana," alisema. "Yule mrefu. Leo amemmaliza mwenzake hata hajatoa jasho."

Gulam alifungua mdomo. Miaka ishirini ya mazoea ilimjaa kooni, mwanawe na rafiki yake wakamwona anavyoimeza.

"Atakufunga," alisema mwishowe, kwa shida, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

"Atanifunga, Baba," alisema Taslim. "Lakini safari hii atakuwa amenifunga mimi."

Gulam akafungua chupa, akammiminia chai, akamwambia ainywe ikiwa moto.